Ng'ombe Aliyetupa Mimba Asiuzwe Kimya Kimya

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanzia zizini, na itanibidi nianze kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na ng'ombe chotara wa maziwa niliyemnunua kwa fedha za kakao. Alikuwa mpole, na uzao wake wa kwanza tulikamua maziwa ya kututosha nyumbani na mengine ya kuuza. Mimba ya pili ilipofika miezi saba ikatoka. Kondo la nyuma lilikwama siku tatu, likaanza kunuka, na mimi na kijana wangu tukalivuta kwa mikono mitupu, kisha tukanawa kwa maji ya mtoni basi. Mzee mmoja jirani akanishauri kwamba huyo ana mkosi, nimwuze kabla habari hazijaenea. Nikamwuza kwa bwana mmoja wa upande wa Ipinda. Aliniuliza kama anakamulika vizuri, nikasema ndiyo, na hilo lilikuwa kweli. Hakuniuliza kama amewahi kutupa mimba, nami sikumwambia. Mwaka uliofuata nikasikia kwamba kwa yule bwana ng'ombe wawili wametupa mimba. Kama ni yule wangu aliyewaambukiza, sina njia ya kujua, maana sikumpima.

Ninaandika haya kwa sababu ninaamini siko peke yangu. Hapa Kyela, toka Kajunjumele mpaka Matema, ng'ombe akitupa mimba jambo la kwanza linalokuja akilini ni kumwondoa. Tunampeleka mnadani, au tunamwingiza katika mahari, au tunambadilisha kwa mwingine. Tukishafanya hivyo tunajiona tumeponyoka hasara. Kumbe hasara tumeihamishia kwenye zizi la mwingine, na pengine kwenye mwili wa mtoto wake. Maoni yangu ni kwamba jambo hili si la kitaalamu tu. Linagusa amri ya saba na ya nane, nasi Wakristo hatuna budi kulizungumza katika Jumuiya zetu kama tunavyozungumza juu ya pombe na wizi.

Ugonjwa ninaousema ni ule ambao mabwana mifugo huuita ugonjwa wa kutupa mimba, na ukimpata binadamu huitwa brusela. Si ugonjwa mpya. Mdudu wake aligunduliwa mwaka 1887 katika kisiwa cha Malta na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyekuwa akichunguza homa iliyowaua askari. Miaka 10 baadaye, huko Denmark, Bernhard Bang alimpata mdudu wa jamii hiyo hiyo katika ng'ombe waliotupa mimba. Mwaka 1905 ikajulikana kwamba askari wale wa Malta walikuwa wakiupata kwa kunywa maziwa mabichi ya mbuzi. Walipokatazwa maziwa hayo, homa ikapungua haraka. Hapa nchini kwetu, ng'ombe waliotupa mimba kwa ugonjwa huu waliandikwa kwa mara ya kwanza huko Arusha mwaka 1927. Na mwaka 2017, wataalamu wa afya za watu na wa mifugo nchini walipochagua magonjwa 6 ya wanyama yanayoambukiza watu ambayo yapewe kipaumbele, brusela ilikuwamo pamoja na kichaa cha mbwa na kimeta.

Ujanja wa ugonjwa huu ni kwamba haumkondeshi ng'ombe. Jike aliyeambukizwa hutupa mimba mara nyingi kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, kisha kondo hukwama na maziwa hupungua. Lakini mara nyingi hutupa mara moja tu. Mimba inayofuata huweza kufika mwisho, ndama akazaliwa salama, na mwenye ng'ombe akamshukuru Mungu kwamba mkosi umeondoka. Mdudu hajaondoka. Yumo katika kiwele na katika tumbo la uzazi, naye hutoka kwa wingi kila anapozaa, na hutoka kidogo kidogo katika maziwa kwa miaka. Dume naye huweza kuvimba korodani au kuwa mgumba, na wengine huota uvimbe magotini. Ng'ombe wa jirani humpata mdudu kwa kulamba ndama aliyetupwa au kondo, au kwa kula majani na kunywa maji yaliyochafuliwa na majimaji ya uzazi. Sasa fikiria mashamba yetu ya mpunga baada ya mavuno, ng'ombe wa nyumba kumi wanapochungwa pamoja kwenye mabua, na mmoja azalie hapo hapo.

Kwa binadamu huingia kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni maziwa mabichi. Ya pili ni mikono, yaani yule anayemsaidia ng'ombe kuzaa, anayevuta kondo, anayechinja, hasa akiwa na mchubuko. Baada ya wiki moja hadi nne, wakati mwingine miezi, huanza homa inayopanda na kushuka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu usioeleweka, kukosa hamu ya kula na moyo kuwa mzito. Wanaume wengine huvimba korodani. Mama mjamzito anaweza kuharibu mimba. Ukiachwa, ugonjwa huingia katika uti wa mgongo na, kwa wachache, katika moyo, na hapo huua.

Sasa ona tatizo letu sisi wa bonde hili. Kyela ni nchi ya maji na mbu. Mtu akipata homa hapa, nani atafikiri juu ya ng'ombe? Tunasema malaria, na mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kuna funzo kutoka Moshi. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima watu 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za mji ule. Waganga walikuwa wamewaandikia malaria watu 528. Walipochunguzwa kwa vipimo kamili, waliokuwa na malaria walikuwa 14 tu. Wengi walikuwa na magonjwa mengine kabisa, yakiwemo yale yanayotoka kwa wanyama, na brusela ilikuwa mojawapo. Moshi si Kyela. Huku malaria ni nyingi zaidi, wala nisieleweke kwamba ninamwambia mtu mwenye homa asipime malaria. Apime kwanza, tena upesi. Ninachosema ni kwamba kipimo kikionyesha hakuna malaria, au dawa ya malaria imekwisha na homa imerudi, mgonjwa amwambie mganga kwa kinywa chake: "Ninafuga ng'ombe. Ninakunywa maziwa mabichi. Mwezi uliopita nilivuta kondo." Mganga wa zahanati hawezi kuliona zizi lako akiwa amekaa mezani.

Kuna upande wa pili pia, na hapa nitawaudhi baadhi ya wenye maabara. Siku hizi yapo maabara ya mitaani yanayopima "brusela" kwa tone la damu na kutoa jibu papo hapo, na karibu kila mwenye maumivu ya mgongo hutoka akiwa nayo. Utafiti uliofanywa magharibi ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika sana katika hospitali za huko kiliwaambia watu wengi kuwa wana brusela hali hawakuwa nayo. Kwa hiyo jibu la namna hiyo lisikupeleke moja kwa moja dukani kununua dawa. Omba hospitali ya wilaya irudie kwa kipimo kilicho bora zaidi, na daktari alipime jibu hilo pamoja na dalili zako na habari za mifugo yako.

Ikithibitika, inatibika kwa watu. Lakini matibabu ni marefu: kwa kawaida ni vidonge vya doksisaiklini kwa wiki 6, pamoja na dawa ya pili, ama rifampisini kwa muda ule ule, ama sindano za streptomaisini kwa wiki 2 hadi 3. Wajawazito na watoto wadogo hupangiwa dawa nyingine. Rifampisini ni dawa ya kifua kikuu pia, na jasho la usiku ni dalili ya kifua kikuu vile vile, kwa hiyo daktari hana budi kuhakikisha kwanza kwamba mgonjwa hana TB. Watu wengi huacha dawa wiki ya pili wakijisikia nafuu. Homa ikiwarudia husema wamerogwa.

Kwa ng'ombe habari ni tofauti, na hapa ndipo wafugaji wengi hupotezewa fedha. Ng'ombe hatibiwi ugonjwa huu. Mdudu hujificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa haimfikii vizuri, na sindano utakazomchoma zitaacha mabaki katika maziwa wakati mdudu anaendelea kuishi. Mtu akikuuzia dawa ya kutibu kutupa mimba, mwulize kama yuko tayari kuandika kwa mkono wake kwamba atarudisha fedha zako.

Linalobaki ni kupima. Si kila mimba inayotoka ni ugonjwa huu. Homa ya Bonde la Ufa hutoa mimba, ndigana kali na nagana huweza kutoa mimba, vile vile homa ya mgunda, ile iliyovuma mwaka 2022 baada ya kuzuka huko Lindi. Hata teke la ng'ombe mwenzake. Ndiyo maana kumhukumu ng'ombe kwa macho ni kosa, kama ilivyo kosa kumficha. Mwite afisa mifugo wa kata. Yeye atachukua damu, na maji ya damu hiyo huchanganywa na dawa ya rangi ya waridi kwenye kibao. Baada ya dakika 4 yakiganda vidonge vidonge, ng'ombe anashukiwa, na damu hupelekwa maabara kwa kipimo cha kuthibitisha. Wakala ya Maabara ya Veterinari inacho kituo Iringa kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa vikundi vya maziwa kipo kipimo chepesi zaidi: maziwa yanachanganywa na dawa yenye rangi, na kama mdudu ameingia zizini pete ya rangi hujitokeza juu kwenye mafuta ya maziwa. Kwa ndoo moja iliyochangwa unaweza kujua kama kikundi kizima kina sababu ya kuogopa. Jambo moja la kukumbuka: ng'ombe aliyetupa mimba juzi anaweza kuonekana hana kitu kwa sababu damu yake bado haijajibu. Apimwe tena baada ya wiki 3 hivi.

Na akikutwa nao? Jibu la kitaalamu ni fupi: achinjwe, chini ya ukaguzi, na mchinjaji ajikinge mikono na macho. Nyama ikiiva vizuri haina hatari; kiwele na tumbo la uzazi vitupwe. Jibu hilo ni rahisi sana kulitamka mtu asiye na ng'ombe. Mama mjane mwenye ng'ombe mmoja, anayelipa karo kwa maziwa ya asubuhi, ukimwambia achinje umemwambia afunge duka lake. Nyama haitamrudishia bei ya mtamba wa maziwa. Basi tusishangae anapokwenda mnadani alfajiri.

Kwa hiyo nasema wazi: ukweli wa mfugaji mmoja usigharimiwe na yeye peke yake. Parokia na vikundi vingi vimewahi kuwa na utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo anayepewa mtamba humtoa ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Ni utaratibu wenye upendo mwingi ndani yake. Lakini kama mama wa ndama yule ana ugonjwa, basi upendo wetu unatembea nyumba hadi nyumba ukiwa na mdudu. Tena ndama jike aliyezaliwa na mama mgonjwa huweza kukua akionekana mzima, kipimo kisimwone, na ugonjwa ukajitokeza anapozaa mara ya kwanza, akiwa tayari nyumbani kwa mtu mwingine. Ninapendekeza kila kikundi kiweke masharti mawili. Mtamba asikabidhiwe kabla mama yake hajapimwa. Na mwanakikundi atakayemchinja ng'ombe wake kwa sababu kipimo kimemkuta nao, awe wa kwanza katika orodha ya kupewa mtamba mwingine, mbele ya wote wanaongoja. Wapo watakaosema si haki kwa waliongoja muda mrefu. Mimi nasema huyo amewakinga wao wote kwa mali yake, na kumrudisha nyuma ya foleni ni kumfundisha kuficha.

Hali kadhalika mahari. Kwetu Unyakyusa ng'ombe wa mahari wamefunga koo na koo tangu zamani, tangu nyakati ambazo watu na ng'ombe walilala ndani ya nyumba moja. Sipendekezi tuache. Napendekeza washenga, wanapohesabu ng'ombe, waulize pia cheti cha kipimo kwa majike. Mara ya kwanza watu watacheka. Mara ya tatu itakuwa desturi. Na anayenunua mnadani, au anayeshusha ng'ombe kutoka Tukuyu, amweke peke yake siku 30 na ampime kabla hajamchanganya na wengine.

Chanjo ipo. Iitwayo S19 huchanjwa mitamba tu, wakiwa na umri wa kati ya miezi 3 na 8, mara moja. Madume hawachanjwi, wala majike wenye mimba. Ni chanjo ya mdudu hai aliyedhoofishwa, kwa hiyo ikimchoma mchanjaji kidoleni inaweza kumwumiza; aachiwe mtaalamu. Kadi ya chanjo itunzwe vizuri, kwa sababu ng'ombe aliyechanjwa anaweza baadaye kuonekana kwenye kipimo kama mgonjwa, na bila kadi utachinja mzima. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, nayo haitoi kinga kamili, ila hupunguza sana kutupa mimba. Tatizo ni kwamba chupa moja ni ya ndama wengi na hutaka ubaridi, na mfugaji mmoja hawezi kuinunua. Hapo ndipo vikundi na parokia zingeweza kukubaliana siku moja na afisa mifugo.

Siku ng'ombe anapotupa mimba, usiguse kitu kwa mikono mitupu. Glavu zikikosekana, vaa mifuko ya plastiki isiyotoboka hadi kwenye kiwiko. Ndama na kondo visitupiwe mbwa wala visitupwe mtoni. Vitabu vinasema vizikwe shimo refu, lakini waandishi wake hawajachimba shimo Mwaya wakati wa masika. Futi chache tu unakuta maji. Choma moto, au tafuta mahali palipoinuka. Mwagia dawa ya klorini pale alipozalia, tandiko lote lichomwe, na pale ndani pafunguliwe jua liingie, kwa kuwa mdudu huyu huishi wiki nyingi penye kivuli na unyevu lakini jua humwua.

Mwisho ni maziwa. Najua nitasikia kwamba babu zetu walikunywa mabichi na wakazeeka. Walizeeka ndiyo, lakini wangapi walizeeka wakiwa wamekunja mgongo, na nani aliwapima? Hoja ninayoisikia zaidi ni kwamba maziwa yakigandishwa yamekwisha kuwa salama. Si kweli. Uchachu wa mtindi hauaminiki kumwua mdudu huyu. Chemsha kwanza mpaka yatokote na kupanda, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha tia vijiko vichache vya mtindi wa jana uliotengenezwa namna hiyo hiyo. Yataganda vizuri tu, na kwa ugali hakuna atakayeona tofauti. Kibuyu kilichokuwa na maziwa mabichi kisafishwe kwa maji yanayochemka kabla hakijapokea mapya, la sivyo umefanya kazi ya bure. Na wanaouza maziwa kwa chupa kando ya barabara ya Kasumulu waulizwe kila siku kama yamechemshwa, mpaka wachoke kuulizwa.

Katika Jumuiya yetu tumekubaliana kulizungumza jambo hili baada ya mavuno ya mpunga, afisa mifugo akiwepo. Lakini yule bwana wa Ipinda naye ni msomaji wa gazeti hili. Nimepanga kwenda kwake Jumapili baada ya Misa, nimwambie mwenyewe kabla hajafika kwenye ukurasa huu, na nimwombe tugawane gharama ya kuwapima ng'ombe wake.